Simu Haiijui Sima

Mgeni mwenye adabu akiingia nyumbani kwa watu wakati wa chakula, haanzi kuvitaja vyakula vilivyoandaliwa kabla hajauliza. Huonja, husifu, na asichokijua humwuliza mpishi. Siku hizi, ndugu wasomaji, yuko mgeni mmoja aliyezoea kuketi nasi chakulani ambaye hakufunzwa adabu hiyo. Mgeni huyo ni simu.

Kaka yangu mkubwa anakaa Mombasa, naye ana ugonjwa wa sukari. Mtaalamu wa lishe alimwambia aandike kila anachokula ili ijulikane ni chakula gani kinachompandisha sukari. Kazi ya kuandika ilimchosha upesi, kama inavyomchosha kila mtu, basi binti yake akamtilia katika simu programu moja inayotumia akili unde. Unapiga picha ya sahani, na kabla hujanawa mikono simu imekwisha kukwambia hiki ni chakula gani, kina uzito gani, kina kalori ngapi na wanga kiasi gani.

Nilikuwapo usiku mmoja alipoipiga picha sahani yake. Palikuwa na sima, mchicha wa nazi na kipande cha nguru wa kukaanga. Simu ikasita kidogo, kisha ikatoa majibu: viazi vya kuponda, spinachi, kuku. Tulicheka sana. Shemeji alicheka hata akauweka upawa chini.

Nilipokwenda tena baada ya mwezi na nusu, sikucheka. Ilikuwa saa mbili za usiku, nyumba nzima inakula sima kwa mchuzi wa samaki, na kaka yangu amekaa pembeni na vipande vya mkate wa siagi na yai. Nilimwuliza kulikoni. Akanijibu, "Mdogo wangu, mkate inaujua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Watu wengi hulalamika kwamba programu hizi hukosea hesabu, nao wana haki. Lakini mimi naona hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtu, kwa kutaka kumtii daktari wake, huanza kula kile ambacho mtambo unakitambua na kukiacha usichokitambua. Hivyo sima, matoke, githeri, muthokoi na mrenda vitaondoka katika sahani za wagonjwa bila mtu yeyote kuvipiga marufuku. Vitaondoka kwa sababu ya usumbufu tu. Na mkate mweupe, kwa hakika, si dawa ya sukari.

Hebu tuitazame hesabu yenyewe. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga wa kadiri ya gramu 75. Shemeji aliazima mizani dukani, akapima unga gramu 500, akasonga kama anavyosonga siku zote, kisha akaipima sima ilipoiva. Ilikuwa gramu 1,400. Basi kila gramu 100 za sima ya nyumba ile zina wanga wa gramu 27 hivi. Viazi vya kuponda vina gramu 15 au 17. Mtu aliyekula gramu 300 za sima amekula wanga wa gramu 80, na simu imemwandikia 50 au pungufu. Kwa mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata hesabu ya wanga, tofauti hiyo si jambo la kuchekea. Tena hiyo ni sima ya shemeji. Jirani yake anayesonga sima laini atapata hesabu nyingine, na picha za sahani mbili hizo utadhani ni za mama mmoja.

Simu ilikosea kwa sababu gani? Mitambo hii hufunzwa kwa picha. Mwaka 2014 wataalamu wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walitoa mkusanyo wa picha 101,000 za aina 101 za vyakula, nao umetumiwa sana na watafiti wa mambo haya. Sambusa imo. Chipsi zimo. Sima haimo. Makusanyo mengine yamefuata, lakini mtoto aliyelelewa jikoni mwa watu wengine hatavijua vyakula vya kwenu kwa kuongezewa picha za jikoni lile lile.

Wala mtu asiniambie kwamba habari za vyakula vyetu hazipatikani. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zilitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, na pamoja nayo kitabu cha mapishi ya jamii zetu mbalimbali chenye virutubisho vya kila pishi. Anayeunda programu ya kuuza Nairobi na Kisumu bila kufungua majedwali hayo ni kama mshonaji anayekata kitambaa bila kumpima mteja.

Hata hivyo, picha peke yake haitoshi, hata ukiufunza mtambo sima za nchi nzima. Picha haioni mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na katika pilau mafuta hayo yamekwisha kuingia ndani ya mchele. Picha haioni kama mchuzi ulitiwa tui zito au tui la pili. Na sinia je? Watu watano wamelizunguka sinia moja la wali, kila mmoja anakula upande wake, mwenye njaa anavuka mpaka kidogo, mtoto anasukumiwa nyama. Simu italipiga picha sinia lote na kumwandikia kaka yangu wali wa watu watano!

Yote hayo mpishi anayajua. Yuko pale pale, hatua tatu kutoka kwenye simu, wala hakuna anayemwuliza. Nionavyo mimi, hapo ndipo pa kutengeneza. Programu ipige picha, sawa, lakini isitoe hukumu mpaka iulize: hii ni sima au ni viazi? Mafuta yalitiwa vijiko vingapi? Mlikula wangapi? Iulize kwa Kiswahili, nayo ikubali kujibiwa kwa sauti na kwa vipimo vya nyumbani: matonge manne, upawa mmoja na nusu, kikombe, kisahani. Ikiwa haijui, iseme haijui. Sioni aibu katika hilo. Namba ya uongo iliyoandikwa kwa herufi nzuri ndiyo ya kuonewa aibu, kwa maana mgonjwa huiamini.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kompyuta alinipinga. Alisema watu waliipenda kamera kwa sababu hawataki kuulizwa maswali, na programu yenye maswali mengi itafutwa siku ya tatu. Ana hoja. Lakini nyumba nyingi zina vyakula kumi au kumi na viwili vinavyozunguka wiki hadi wiki. Mpishi akiulizwa mara moja namna anavyopika maharagwe ya nazi, na programu ikahifadhi, haitahitaji kuuliza tena mpaka aoze mwanawe na mkamwana aje na mapishi yake. Na vipimo hivyo vya mara moja vichukuliwe kwa mizani. Kampuni ya Google mwaka 2021 ilitoa mkusanyo wa sahani 5,000 hivi kutoka mikahawa ya California, kila kiambato kimepimwa uzito. Ikiwa yamewezekana katika mikahawa ya California, yatawezekana katika mikahawa ya Likoni na Kariakoo.

Kaka yangu amerudi kwenye sima. Karatasi yenye vipimo vya shemeji imebandikwa kwenye mlango wa kabati, naye huhesabu matonge yake kimya kimya huku wengine wakizungumza. Programu ile hajaifuta. Ameandikisha sima humo kwa mkono, kwa jina lake, na kila akipiga picha bado inamwambia ni viazi.