Yamoto Band na Wanaowalaumu Vijana

Wako wazee katika nchi yetu hii ya juu, tangu Iringa mpaka Mbeya, wapendao kuwaambia vijana habari za Yamoto Band kama mfano wa utovu wa shukrani. Husema: “Walipewa jina, wakavishwa nguo, wakapandishwa jukwaani, walipoota mbawa wakamwacha mlezi wao.” Sisi twasema maneno hayo si ya haki, tena yana hatari kwa watoto wetu, na hatari yenyewe imekwisha kufika mlangoni.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Huko Temeke, Dar es Salaam, Said Fella, aliyekuwa msimamizi wa TMK Wanaume Family, alianzisha kituo cha kulea waimbaji, akakiita Mkubwa na Wanawe. Jina hilo msilipite haraka, maana ndani yake mmepangwa ukoo mzima: mkubwa ni mmoja, wengine wote ni wana. Katika wana hao wakachaguliwa wanne, ndio Aslay, Maromboso, Beka Flavour na Enock Bella, wakafanywa kundi moja. Aslay alikuwa amejulikana tangu utoto wake kwa wimbo wa Naenda Kusema. Basi kundi hilo halikuzaliwa barazani kwa marafiki wanne walioimba jioni, lilipangwa.

Mwaka 2014 nyimbo zao, kama Niseme na Nitakupwelepweta, zilienea nchi nzima. Katika mabasi yapandayo mlima Kitonga hazikunyamaza, na shuleni kwetu, siku ya kufunga shule, wavulana walisimama wanne wanne wakiwaigiza mpaka vumbi likatuziba macho. (Hatukuwakataza, waliimba vizuri kuliko walivyofanya hesabu.) Ikafika mwaka 2017, kundi likavunjika. Aslay akatoa nyimbo mfululizo mwaka uo huo, Beka akaimba Libebe, na Maromboso akaingia WCB ya Diamond Platnumz mwaka 2018, akaitwa Mbosso. Na huko nako akatoka mwaka 2025, apate kujitegemea.

Je, huo ndio utovu wa shukrani? Wanyakyusa wa zamani, babu za hao hao wanaolalamika, walikuwa na desturi iliyo kinyume cha malalamiko yao. Wavulana wa rika moja, wakiwa bado wadogo, walijenga kijiji chao wenyewe kando ya baba zao. Na wakati ulipotimia, wazee waliwakabidhi nchi kwa sherehe iliyoitwa ubusoka. Hakuna aliyesema kwamba watoto wamewakimbia wazazi. Walijua kwamba kijana hukua, wakaweka siku ya kumkabidhi. Mwenye kundi la waimbaji asiyeweka siku hiyo, astaajabu nini vijana wakijiwekea wenyewe?

Tutaambiwa kwamba aliyetoa mali yake ana haki ya kupata faida. Naam, anayo, wala hatumshitaki Said Fella. Pasipo yeye huenda wanne hao wasingalisikiwa kamwe. Neno letu ni hili, kwamba fungu la mwenye mali lina mpaka, na mpaka huo uandikwe kabla ya wimbo wa kwanza. Huko Marekani bwana mmoja, Lou Pearlman, alitengeneza kundi la Backstreet Boys mwaka 1993, na katika mapatano akajihesabu kuwa mtu wa sita, ale fungu la mwimbaji, naye haimbi. Vijana wakamshitaki mwaka 1998, wakatengana naye. Na kundi lao lingali likiimba hata leo. Basi kutaka uhuru siko kunakoua kundi. Wanne wetu walipotaka kila mtu jina lake, walilipata kwa kutawanyika tu.

Twaandika haya kwa sababu tajiri mmoja amekuja kijijini kwetu, amesikia kwaya, naye ataka wavulana wanne wa miaka 15 na 16 awapeleke mjini wakawe bendi. Ameleta karatasi ili wazazi watie sahihi, maana watoto hawajafika miaka 18. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki ya wimbo wake. Walakini faida ya wimbo huo yaweza kuhamishwa kwa maandishi kwenda kwa mtu mwingine, na karatasi ile imeandikwa kwa Kiingereza.

Wazazi wawili walikuwa wamekwisha kushika kalamu. Tukawasihi wangoje. Tukamwuliza yule tajiri: wimbo utakuwa wa nani, jina la bendi litakuwa la nani, na mtoto akifika miaka 20 akataka kurudi nyumbani, atarudi na nini? Akacheka, akasema mambo hayo hutazamwa baadaye. Karatasi iko kwetu, ndani ya sanduku la chaki, naye amesema atarudi kuichukua Jumamosi.