Kabla Hujapasuliwa Shingo, Uliza Sababu



Mie fundi wa nguo za maharusi, si daktari. Lakini cherehani imenifunza kuwa kitambaa kikishakatwa hakirudi. Sembuse shingo ya mtu!

Mwaka jana dada yangu alikwenda kupima kwa uchovu na maumivu ya mifupa. Akaambiwa homoni ya parathairoidi, zile tezi ndogo za shingoni, iko juu, ajitayarishe kwa operesheni. Tukauza bangili zake za harusi. Daktari wa pili akauliza: kalsiamu yake je? Vitamini D? Figo? Hakuna aliyepima.

Tezi hizi kwa kawaida ni 4, kila moja kama punje ya mchele, na kazi yake ni kulinda kalsiamu ya kwenye damu. Pengine tezi yenyewe ndiyo mbovu, mara nyingi moja tu imeota uvimbe usio saratani. Hapo kalsiamu hupanda, na operesheni ndiyo inayoponya. Lakini pengine tezi ni nzima, ila zinahangaika kwa sababu vitamini D imepungua au figo zimechoka. Hapo kalsiamu huwa ya kawaida au chini, na kinachoanza kutibiwa ni hicho kinachozihangaisha. Upo pia ugonjwa wa kurithi unaopandisha kalsiamu. Hutambuliwa kwa kupima mkojo wa saa 24, na kisu hakiusaidii. Picha ya shingo nayo haithibitishi ugonjwa, humwonesha tu mpasuaji tezi ilipo.

Dada alikutwa na vitamini D ya chini sana, kalsiamu ya kawaida. Akapewa dawa, na baada ya miezi homoni ikashuka. Bangili hazikurudi.

Wapo watakaosema kosa ni la hijabu. Mie sikubali. Stara haina kosa. Uani kwetu jua lipo, kaa mikono wazi. Na wewe bibi harusi unayewekwa ndani ung'are, usiliogope. Ila vidonge usijinunulie ovyo, kwani kalsiamu ikiwa juu vinaweza kukudhuru.

Kutawakali hakuzuii kuuliza. Ukiambiwa operesheni, omba uoneshwe majibu ya kalsiamu, homoni, vitamini D na figo, na utaje kila dawa unayokunywa. Haya ya kuuliza ni ya dakika moja. Kovu la shingoni utaishi nalo.

Wabillahi tawfiq.