Zaka iwe mtaji, si unga wa Ramadhani pekee

Mjane au mtalaka anayeuza mahamri na viazi karai pale Kongowea hakosi bidii. Anachokosa ni mtaji. Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka na hurudishwa kwa siku 14. Muislamu anaiogopa riba, na siku 14 hazitoshi biashara kusimama.

Zaka tunayo. Lakini kila Ramadhani twagawa unga na mchele, Idi ikipita njaa yarudi pale pale. Kamati za misikiti zichague akina mama wachache kila mwaka, ziwape jiko, mtaji na mtu wa kuwafuatilia. Na baba aliyetoroka majukumu ashtakiwe kwa Kadhi, alipe matumizi ya wanawe.

Anayepokea zaka leo, kesho awe mtoaji.