Ua Zuri Lenye Mzizi wa Sumu



Juzi watoto walileta maua ya kupamba altare ya Mama Maria. Kati yake lilikuwako moja lililovuta macho ya wote: jekundu juu, manjano chini, mfano wa ndimi za moto. Mtoto mmoja akasema, "Chini yake kuna kiazi kama cha nyumbani." Neno hilo lilinishtua.

Ua hilo huota katika nyasi za vilima vyetu, toka Bugene mpaka Kaisho, nyakati za mvua. Jina lake la Kilatini ni Gloriosa superba, yaani tukufu na lenye fahari. Bwana Linnaeus aliliandika mwaka 1753. Nchi ya Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Lakini mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, hasa mzizi na mbegu.

Mtalitambuaje? Shikeni alama tatu. Ya kwanza, ncha ya jani ni nyembamba na imejikunja kama uzi, nayo hushika nyasi ili mmea upande. Kiazi kikuu hakifanyi hivyo: hicho hujizungusha kwa shina, na jani lake lina umbo la moyo. Ya pili, ua limeinama, lakini petali zake sita zenye kingo za mawimbi zimepindukia juu. Ya tatu, mzizi umepinda kama herufi V au L.

Hatari kubwa ni kiangazi. Mmea hukauka na kutoweka, ila mzizi hubaki hai ardhini ukingoja mvua. Mtoto akichimba haoni ua wala jani la kumwonya. Basi wazazi, waonyesheni watoto mmea huu wakati umechanua, wapajue mahali ulipo. Wasiuchume, wala wasile kiazi cha porini pasipo kumwuliza mtu mzima. Ulio karibu na nyumba ung'oeni na mzizi wote, kisha mnawe mikono.

Aliyeula hutapika na kuharisha sana baada ya saa chache. Hata akipata nafuu kidogo, msingoje. Mpelekeni hospitali upesi, mkachukue na kipande cha mmea ili daktari auone.

Ua hili nalo ni kazi ya Mungu. Tulifurahie kwa macho, mikono ikae mbali.