Tuache Kugawa Dini za Amani na Dini za Fujo

Kila ukizuka mjadala wa dini hapa chuoni, hakosekani mtu wa kusema, "Bora hata Wabudha, dini yao ni ya amani." Mwingine anajibu kwa kutaja dini anayoiona ya fujo, na hapo kelele zinaanza. Mimi naona mgawanyo huo wenyewe ndio tatizo.

Tuanze na hao Wabudha. Karne ya tatu kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka wa India alishtushwa na damu aliyoimwaga Kalinga. Akaeneza mafundisho ya Buddha, na kwenye miamba akachongesha agizo kwamba watu waheshimu dini za wenzao. Safi kabisa. Lakini mwaka 2017 jeshi la Myanmar, nchi ambayo wengi ni Wabudha, liliwashambulia Warohingya, ambao ni Waislamu. Watu zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Miaka kadhaa kabla ya hapo mtawa Ashin Wirathu alikuwa akihubiri chuki dhidi ya Waislamu waziwazi.

Sasa nenda Upanga, Dar es Salaam. Kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala tangu enzi za Waingereza, nalo ni la Theravada, madhehebu yaleyale ya Myanmar. Sijasikia jirani aliyelikimbia. Mafundisho ni yaleyale, ila kule Myanmar wanaojiita walinzi wa dini walikuwa na bunduki za serikali upande wao.

Mimi natoka Makwale, Kyela. Wamisionari wa Kijerumani walifika Unyakyusa mwaka 1891, na walipotafuta jina la Mungu wakachukua Kyala, jina ambalo wazee walishakuwa nalo kwenye matambiko yao. Mpaka leo bibi yangu akisali anasema Kyala. Sisemi wamisionari waliheshimu kila kitu, maana matambiko yenyewe waliyapiga vita. Lakini dini mpya ikikubali kukopa, wenyeji nao wanaona wana sehemu yao ndani yake. Ubudha ulifanya hivyo Japani: ulikaa na miungu ya kienyeji zaidi ya miaka 1,000, mpaka serikali ilipoamuru vitenganishwe mwaka 1868, na mahekalu mengi yakavunjwa.

Wapo watakaosema Tanzania hatuna shida hiyo. Jamani, tunasahau haraka! Februari 2013, ugomvi wa nani achinje ulizua vurugu Buseresere, Geita, na mchungaji akauawa. Aprili ikawa zamu ya Tunduma, wakati huo ikiwa mkoa mmoja na sisi.

Kwetu msiba bila ng'ombe haujakamilika. Kwenye misiba niliyohudhuria, Mwislamu huitwa achinje ili kila mtu ale. Wapo Wakristo wanaouliza kwa nini kisu kiwe cha upande mmoja tu. Swali hilo ni halali, na anayelijibu kwa "nyamaza" anaahirisha ugomvi tu. Wafiwa wenye busara hukaa mapema na kuulizana nani atakula na nani atachinja, hata ikibidi kutenga masufuria mawili. Uvumilivu ninaoujua mimi ni kikao cha namna hiyo, tena kinachosha.

Kwa hiyo wenzangu wa Elimu, tunaokwenda kufundisha Historia na Uraia, tusimwambie mwanafunzi kwamba dini ile ni ya amani na hii ni ya vita. Tumfundishe kuuliza: hapa nani ana nguvu, na walio wachache wamepewa nafasi gani ya kusema? Anayetoka upande wa walio wengi ndiye anayehitaji zaidi kulizoea swali hilo.

Na hapa chuoni tuanze na dogo. Tukipanga sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa tatu, tuwaulize wenzetu walio wachache kabla nyama haijanunuliwa, siyo ikishaiva.