Kupima Maisha kwa Lugha ya Anayeishi

Aghalabu mgonjwa wa skizofrenia hupimwa kwa dalili: je, sauti asikiazo peke yake zimenyamaza? Lakini sauti kunyamaza si sawa na mtu kuishi vyema. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliunda hojaji ya ubora wa maisha, ambayo toleo lake fupi lina maswali 26 kuhusu mwili, nafsi, mahusiano na mazingira.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Swali la mwisho, kwa Kiingereza, huitaja huzuni kwa rangi ya buluu; likifasiriwa neno kwa neno, Mswahili haambulii kitu. Huko Korbesa, Isiolo, tatizo ni maradufu, kwani kwa wafugaji wengi wa Kiborana Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Tena, kumuuliza kijana kama ameridhika na uwezo wake wa kufanya kazi si sawa na kumuuliza kama bado anaaminiwa kupeleka ng'ombe malishoni. Anaweza kujibu kwamba uwezo anao, ilhali hakuna amkabidhiye hata ndama.

Wapo watakaodai kwamba hilo ni jukumu la madaktari. La hasha! Kuteua neno ni kazi ya wanaisimu na wafasiri. Hapana budi idara za Kiswahili ziketi na wauguzi, wazungumzaji wa Kiborana na wagonjwa wenyewe kabla ya hojaji kuchapishwa. Pasipo hivyo, kitakachopimwa ni ufahamu wa lugha, wala si maisha.