KABLA HUJAKEMEA, ULIZA: NI ZIPI ZIMEKUFA PAMOJA?

Leo naomba dakika zako kumi. Huu si ujumbe wa kupiga makofi. Ni ujumbe wa kukaa chini na kujikagua, na nitaanza kujikagua mimi mwenyewe.

Majuzi mama mmoja wa kanisa letu alinisimamisha hapa sokoni Tawa. Akaniambia, "Pasta, njoo uombee mtoto wangu. Anaendesha ndege usiku."

Nikamuuliza, "Ndege gani, mwaitu?"

"Ya laptopu. Tokeni za stima zinaisha kabla ya mwezi kuisha, na sasa ameanza kuongea peke yake. Hicho kitu kina roho."

Nilienda na Biblia yangu na chupa ya mafuta, niko tayari kwa kazi. Kijana mwenyewe amemaliza kidato cha nne na anatengeneza simu katika kibanda hapa mjini. Nilimkuta amekaa mbele ya laptopu ya mitumba, uso umeshuka. Akasema, "Pasta, ndege yangu imekufa geji. Nimefuta programu na kuiweka upya mara mbili. Bando imeisha. Bado ni vile vile."

Nilifikiri ni mchezo wa watoto. Si mchezo, mpendwa. Ile ndege ni mfano wa Cessna 172, ndege ndogo ambayo wanafunzi wengi wa urubani duniani huanza nayo. Programu za siku hizi za kuiga urubani, kama X-Plane, unaweza kuzipanga ziharibu kifaa chochote katikati ya safari bila kukuonya. Ukisahau kuzima betri leo, kuna ndege zake ambazo kesho zitakataa kuwaka. Yaani inakutunza kama maisha yanavyokutunza: ulichopuuza jana unakikuta leo.

Sasa, wengi mnajua kwamba kabla ya wito nilikuwa fundi wa nyaya za magari. Gari likiletwa limezima taa, fundi mzuri habadilishi balbu moja moja. Anauliza kwanza: ni zipi zimezima pamoja? Zikiwa zimezima pamoja, basi zina fyuzi moja. Nikamuuliza kijana swali hilo hilo. "Ni geji zipi zimekufa pamoja?"

Akanyamaza. Hakuwa amejiuliza.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu somo lote liko hapa. Mbele ya rubani wa ndege ile kuna geji kubwa sita, lakini hazina chanzo kimoja. Tatu zinaishi kwa hewa ya nje: ya mwendo, ya kimo, na ya kupanda na kushuka. Hewa hiyo huingia kwa kimrija kilicho chini ya bawa na kwa kitundu kidogo kilicho ubavuni. Mbili nyingine, ya upeo inayoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, na ya mwelekeo, zina magurudumu madogo yanayozungushwa kwa kasi na pampu ya kunyonya hewa iliyofungwa kwenye injini. Ya sita, geji ya kona, katika ndege nyingi za aina hiyo hutumia umeme.

Kijana akaangalia. Geji ya upeo ilikuwa inalala polepole upande wa kushoto. Ya mwelekeo ilikuwa inatangatanga. Nyingine zote nne zilikuwa sawa. Mbili zimekufa pamoja, chanzo ni kimoja: pampu. Na pale kwenye dashibodi kulikuwa na geji ndogo, ndogo sana, inayoonyesha nguvu ya pampu. Ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Ilikuwa inamwambia ukweli siku zote hizo, naye hakuitazama hata mara moja.

Programu haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya kazi yake. Aliyetaka kuifuta mara ya tatu ndiye hakuwa ameuliza swali.

Mafuta yangu yalibaki kwenye chupa siku hiyo. Tuliomba, ndiyo, lakini tuliomba Mungu ampe kijana hekima. Na mama yake nilimwambia, "Mwaitu, usimnyang'anye laptopu. Mpangie saa za stima, lakini hicho kitu kinamfundisha kufikiri."

Nilirudi nyumbani lakini sikulala. Nitakuambia kwa nini.

Mwaka jana dada mmoja alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alikuwa na presha kwa miaka mingi. Akasema ameacha dawa kwa sababu anasikia mwili uko sawa kabisa, na kwamba mashine ya kupima presha ilipokataa, aliiambia kwamba inasema uongo. Kanisa lililipuka kwa shangwe. Na aliyepaaza sauti ya Amina kuliko wote ni mimi.

Miezi miwili baadaye alianguka jikoni. Yuko hai, utukufu kwa Mungu. Lakini mkono wake wa kushoto haufungi ngumi. Nimekwenda kwake, nimepiga magoti, nimemwomba msamaha. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Mimi bado najifunza kujisamehe.

Mpendwa, sisi Wakenya tumelipa gharama kubwa sana kwa jambo hili la geji. Tarehe 30 Januari mwaka 2000, ndege ya Kenya Airways, safari namba 431, ilipaa usiku kutoka Abidjan nchini Ivory Coast. Mara tu baada ya kuacha ardhi, kengele ililia kuonya kwamba ndege inapoteza nguvu ya kubaki hewani. Kengele ile ilikuwa ya uongo. Ndege ilikuwa inaruka vizuri. Lakini pua ikashushwa, chini yao kuna bahari na giza tupu, na ndege ikaingia majini. Kati ya watu 179, walipona 10 tu.

Kisha tarehe 5 Mei 2007, safari namba 507 ilipaa kutoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi. Usiku tena, na mvua. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia, polepole, bila mtu kuhisi. Ilidhaniwa kwamba mtambo wa kujiendesha umewashwa, kumbe haukuwashwa. Geji zilikuwa nzima. Zilikuwa zinasema ukweli. Hazikutazamwa kwa wakati. Ilipogunduliwa, ndege ilielekezwa upande usio sahihi, na ikaanguka katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Watu wote 114 walikufa.

Sisemi haya kuwahukumu marehemu. Gizani, ndani ya dakika moja, hakuna hata mmoja wetu anayejua angefanya nini. Nasema kwa sababu misiba hii miwili ni pande mbili za somo moja. Abidjan, sauti ya uongo iliaminiwa. Douala, ukweli haukutazamwa. Na mimi naona kanisa letu linafanya makosa yote mawili, wakati mwingine Jumapili moja.

Labda unasema, "Pasta, mimi nitasikia rohoni." Nakuheshimu. Lakini marubani wanafundishwa jambo ambalo kila aliyeokoka anapaswa kulijua: ndani ya sikio lako kuna kitu kinachokuambia kama umenyooka au umelala, na ndege ikigeuka polepole sana, kitu hicho hakisikii chochote. Mwili unakuapia kwamba umenyooka huku unaanguka. Kuhisi uko sawa si ushahidi kwamba uko sawa. Presha hupanda bila kupiga hodi. Deni vilevile. Ndoa vilevile.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kila geji iaminiwe. Neno lenyewe, katika 1 Yohana sura ya 4, linatuagiza tusiamini kila roho bali tuzijaribu. Swali ni kujaribu namna gani. Nitakupa mambo manne, niliyofundishwa na kijana wa kibanda cha simu pamoja na nyaya za magari.

1. ULIZA NI ZIPI ZIMEKUFA PAMOJA. Biashara imeshuka, mke hasemi nawe, watoto wanakukwepa, maombi yamekuwa makavu. Unaweza kufunga siku nne kwa mambo manne. Au unaweza kuuliza: haya yote yalianza mwezi gani, na mwezi huo niliingiza nini maishani? Labda ni mkopo mmoja wa simu uliouficha. Pampu moja, geji nne.

Soma Yoshua sura ya 7. Israeli wameshindwa Ai, Yoshua amelala kifudifudi mbele za Mungu hadi jioni. Mungu akamwinua na kumwambia kuna sababu kambini. Kisha angalia walivyoitafuta: kabila, halafu ukoo, halafu nyumba, halafu mtu mmoja mmoja. Mungu angeweza kutaja jina la Akani mara moja. Alichagua kuwapitisha katika uchunguzi wa hatua kwa hatua. Sisemi kila shida ina Akani nyuma yake. Nasema kuchunguza si kukosa imani. Mungu mwenyewe aliagiza.

2. PIMA KWA GEJI YENYE CHANZO KINGINE. Geji ya upeo ikisema umelala, usiulize ya mwelekeo, maana zinatumia pampu moja, zitadanganya pamoja. Uliza ile ya umeme. Uliza ile ya hewa. Ndugu yangu, ukitaka kujua kama unaishi vizuri, usiulize rafiki watatu wanaokula kwako. Hao ni pampu moja. Muulize mke wako. Muulize anayekudai. Na kama unaona mashine ya presha inadanganya, sawa, pima kwa mashine nyingine, mkono mwingine, siku nyingine, kituo kingine. Zote zikikubaliana, meza dawa huku ukiomba. Mungu hatapungukiwa na utukufu wowote kwa sababu ulimeza kidonge.

3. GEJI ILIYOKUFA IFUNIKE. Rubani akishajua geji ya upeo imekufa, anaifunika kwa karatasi. Kwa nini? Kwa sababu macho yamezoea kuitazama, na itaendelea kumvuta hata kama anajua ni ya uongo. Kijana wetu amebandika kipande cha karatasi kwenye kioo cha laptopu, na sasa anajifundisha kutua kwa zile nne. Kuna sauti maishani mwako ulishajua zamani kwamba ni ya uongo, lakini bado kila asubuhi unaitazama kwanza. Ifunike. Funga hilo kundi la simu. Acha kumpigia yule mtabiri.

4. KAGUA KABLA YA KUPAA. Mwezi Februari 1996, ndege ya Birgenair ilipaa kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Kimrija cha mwendo kilikuwa kimeziba. Anayeshukiwa ni nyigu, yule anayejenga kwa matope kama hawa wanaojenga kwenye dari zetu hapa Ukambani. Rubani aliona geji yake haifanyi kazi wakati ndege bado inakimbia chini, akaendelea. Na mrija ukiziba hivyo, geji ya mwendo hufanya jambo la kutisha: kadiri unavyopanda, inaonyesha mwendo unaongezeka, hata kama unapungua. Walikufa watu 189. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, ndege ya Aeroperú ilianguka baharini na watu 70, kwa sababu walioiosha walisahau kuondoa utepe uliofunika vitundu vya ubavuni. Utepe tu.

Watumishi wenzangu, hili la nne ni letu. Unaweza kuwa unapanda, viti vinajaa, sadaka inaongezeka, na geji inakuambia mwendo ni mzuri. Kumbe mrija uliziba zamani na unachosoma ni kimo chako tu. Kagua ukiwa bado chini. Kuahirisha safari ni aibu ya siku moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wengine hamtakubali. Kuanzia sasa, katika kanisa hili, mtu akitoa ushuhuda wa uponyaji tutamshangilia kwa moyo wote, kisha tutamwomba aende akapimwe, na dawa hataiacha mpaka daktari aseme. Kama ni uponyaji, kipimo kitakuwa shahidi wa pili. Kama bado, tutaendelea kuomba na atakuwa hai kuomba pamoja nasi. Wako watakaosema Pasta amepoa. Niiteni hivyo. Afadhali nipoe kuliko nipaaze Amina nyingine kama ile.

Na wewe unayesoma hapa, kuna ile geji ndogo pembeni ya dashibodi yako. Unaijua. Ni ile meseji ya benki ambayo hujafungua, ni ule uvimbe ambao hujamwonyesha mtu, ni mtoto aliyeacha kukusalimu. Itazame leo kabla hujalala.

OMBI: Baba, tupe macho ya kutazama na ujasiri wa kuamini kile ambacho hatupendi kukisoma. Pale tulipoharakisha kukemea, turudishe tukaulize. Mguse dada yetu, mkono wake upate nguvu. Na kijana wetu, siku moja umpe geji za kweli. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama umeguswa, andika Amina, kisha nenda ukapime presha. Ubarikiwe.